Diski Nne za Shemasi Royce

Hakuna mtu katika mji wetu wa Tarver Springs, huku Kusini mwa Marekani, aliyeipigania ile filamu kama Shemasi Royce Tidwell, wala hakuna iliyemuumbua kama yeye.

Mumjue kwanza, msije mkadhani namsema mtu mbaya. Alirithi duka la matairi kwa baba yake, pale barabara inapokata kwenda kwenye kinu cha karanga. Mjane akipasukiwa na tairi, Royce alimfungia jingine na kumwambia deni hilo atalilipa Mungu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kipaza sauti. Ukimpa atangaze chakula cha mchana cha kanisa, atatangaza, halafu lazima amlete Wynelle.

Wynelle ni mkewe, mwanamke mkimya. Sikio lake la kulia lilikufa kwa homa utotoni, na la kushoto linasaidiwa na kidude kidogo anachokivaa tangu ujana.

"Mkate wa mahindi wa Wynelle siku hizi siuli," Royce angesema. "Nauweka chini ya gari, nabadilisha tairi!"

Kanisa zima kwa kwa kwa. Tukinyamaza, anaongeza: "Juzi namwambia niletee chai, kaniletea yai!" Tunashika mbavu tena. Na Wynelle pale benchi la pili anatabasamu, mkono sikioni, kama anayeweka nywele sawa.

Basi ikaja hiyo filamu, *Sufuria ya Mwisho*. Walioitengeneza walikuwa watu wa kanisa moja la wilaya ya jirani, na aliyeigiza mume ni wakala wa bima. Hadithi yenyewe: mume anamfanya mkewe kichekesho mbele ya wageni mpaka mke anafungasha, na mume anampata Mungu jikoni akisugua masufuria. Wenye majumba ya sinema hawaangalii imani ya mtu, wanaangalia siku tatu za kwanza. Viti visipojaa Ijumaa hadi Jumapili, filamu inang'olewa. Royce akaliona hilo kama vita. Alikodi mabasi, akanunua tiketi za ukumbi mzima, akawapigia simu hata Wamethodisti, ambao siku zote alikuwa anawauzia matairi tu.

Siku hiyo niliketi nyuma yake. Alilia tangu katikati mpaka mwisho. Palipofika mahali mume anamcheka mkewe mezani, alimwinamia Wynelle na kumwambia kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Jamaa hana haya huyu! Kama kaka yako kabisa." Wynelle akaendelea kula bisi zake. Nyani haoni kundule, na wa kwetu alikuwa amelipia na tiketi.

Filamu ilishika nafasi ya tano nchi nzima. Jumapili Royce alikamata kipaza sauti kabla mchungaji hajamaliza kumwita. "Ya tano, ndugu zangu! Hollywood leo hawali!" Lakini mabasi yalipokwisha, watu nao wakaisha. Wiki ya tatu filamu ilishaondolewa, ukumbi ukapewa filamu ya mbwa anayeongea. Royce alitembea kama aliyefiwa.

Kisha kabla ya Krismasi zikatoka diski za filamu hiyo, za kutazamia nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipoanza kupita mkononi mwangu. Mimi ndiye Earline wa duka la vitabu vya dini, jirani na benki. Shehena ya kwanza iliisha kabla ya chakula cha mchana. Nikaagiza, ikaisha. Wauzaji wa jumla wakaniambia Kusini yote ni hivyo, diski zimeingiza fedha kuliko tiketi. Royce alifurahi, akasema neno la Bwana halirudi bure.

Mimi nilikuwa najua zaidi, maana nilikuwa nazifunga zawadi. Sinema mtu anakwenda na dhambi zake mwenyewe, lakini diski unampelekea mwenzako. Kwetu hakuna anayemwambia mtu jambo usoni. Tunalifunga kwa karatasi na utepe, tunalipeleka pamoja na bakuli la viazi na jibini. Mtu wa hapa akikuombea baraka kwa sauti ya asali, jipapase mgongoni kama kisu hakijaingia. Wakwe walinunua, mama wa maharusi walinunua, na kila mmoja aliniambia ni ya fulani huku akitazama pembeni.

Krismasi ilipopita, Royce aliingia dukani na diski nne, zote na plastiki yake.

"Dada Earline, zipokee hizi. Watu mwaka huu wameishiwa ubunifu."

"Nani kakupa?"

"Moja mkwe wangu. Moja darasa langu la wanaume. Moja mke wa mchungaji, kaileta na keki. Hii nimeikuta kibarazani, haina jina." Akacheka. "Wanajua nilivyoipenda."

Nilijifanya napanga kalenda.

"Si ndiyo, Earline? Wanajua nilivyoipenda."

"Na wewe umempa nani?"

"Shemeji, kaka yake Wynelle."

"Kwa nini?"

"Ah, si unamjua alivyo! Mke wake hana raha, kila akikaa na watu lazima am..." Akaishia hapo. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola mpaka utosini. Alizitazama zile diski moja moja, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Nilimwonea haya hata nikatamani mteja aingie.

"Wynelle kawaambia nini?" akauliza polepole.

"Wynelle hajasema neno. Wewe ndiye uliyetuambia, Royce. Miaka yote hii, kwa maiki."

"Lakini mlikuwa mnacheka."

"Ndiyo. Tulikuwa tunacheka."

Aliketi kwenye kiti cha kujaribia mavazi ya kwaya, kofia mapajani. "Sikumbuki mara ya mwisho Wynelle kunieleza jambo," akaniambia. "Kila nikisema kitu, jibu ni ndiyo Royce, sawa Royce. Nilidhani ni masikio. Jumapili nitamwomba msamaha," akasema. "Nilimdhalilisha mbele za watu, nitamwomba mbele za watu. Nataka anisikie walau mara moja kabla hatujazikana." Akaondoka, diski akaziacha mezani, hakudai chochote.

Jumapili mchungaji alimwita atoe habari za mauzo ya filamu. Royce alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wynelle wangu..." akaanza.

Kanisa likacheka. Hajasema kitu bado! Jina tu.

"Hapana, ndugu zangu, leo si mzaha. Nimekuwa mume wa hovyo."

Tukacheka zaidi. Mzee Otis akapiga benchi kofi. "Lete mkate, shemasi! Lete ule mkate!"

Royce akamgeukia mkewe. "Nimekufanya kichekesho cha watu, mke wangu. Nimekuvua nguo kanisani kwa miaka. Nisamehe."

Kicheko kilikufa vipande vipande, benchi moja baada ya jingine, mpaka akabaki Otis peke yake, naye akajigundua, akakohoa. Sijawahi kuona watu wazima wengi wakitazama viatu vyao kwa pamoja. Nami nilitazama vyangu. Diski ile isiyo na jina pale kibarazani ni kama tuliipeleka sisi sote, tukaona tumemaliza kazi ya Bwana, na hapa bado meno yalikuwa nje.

Nilipoinua kichwa, Wynelle alikuwa anatabasamu tabasamu lake lile lile, na mkono wake umekaa sikioni tangu Royce ashike kipaza sauti. Miaka yote nilidhani anatengeneza nywele. Kumbe alikuwa anazima. Kila mumewe aliposhika maiki, yeye alizima kidude chake, akatabasamu, akangoja midomo yetu ifungike.

Royce naye aliuona mkono ule. Alishuka madhabahuni taratibu, akafika benchi la pili, akainama. Akamgusa sikio kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi.

Wynelle akawasha. "Umemaliza?" akauliza. "Leo ilikuwa ya mkate au ya yai?"

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote za kanisa. Royce alikuwa ameshuka na kipaza sauti mkononi, hana habari.

"Hapana, mama," akasema. "Nilikuwa nakuomba msamaha."

Wynelle aligeuka akatutazama, benchi kwa benchi, nyuso zetu zote zikimngoja alie, amkumbatie, tupige makofi twende tukale.

"Hapa?" akasema. "Mbele ya hawa?"

Akachukua mkoba wake, akasimama. "Utaniomba nyumbani, Royce. Na hiyo maiki uiache."

Tuliyasikia yote mpaka ukuta wa nyuma. Royce akakitazama kile kitu mkononi mwake, akakiweka juu ya benchi, akamfuata mkewe nje, na safari hii hakuna aliyecheka.