Chazo wa Khatib hakusomewa amri

USHONGO, Pangani. Saa moja asubuhi, maji yametulia kama yaliyo mtungini. Khatib Faki, maji yakimfika mapajani, anainamia dema, mtego wa fito aliougeuza kizimba, na kumsalimu samaki aliyemo.

"Somo, umeamkaje?"

Somo ni chazo, samaki mwembamba wa urefu wa mkono, mwenye kikwamo cha kunatia utosini. Akifikia gamba la kasa hung'ang'ania haachi, na Khatib, aliyemfunga kamba mkiani, humvuta kasa taratibu hadi ubavuni mwa ngalawa. Kazi hii aliirithi kwa baba yake huko Pemba, kabla hajaja kuoa Ushongo.

"Mie mkewe mwaka wa kumi na nane huu, sijasalimiwa hivyo hata siku moja," anatania Mwanamwema kutoka ufukweni.

Kasa mmoja alipata shilingi kumi na tano sokoni Pangani, na watoto watano wakala wiki mbili na ushei. Sasa Bwana Nyama, ofisa wa serikali ya Mwingereza anayelinda wanyama, amekataza. Kasa wanakwisha, ndivyo ilivyosomwa barazani kwa jumbe, na kila kifaa cha kuwawindia kisalimishwe Jumatatu ijayo. Karani ameandika nyavu, vyusa, na chazo wa Khatib.

Khatib habishi. "Haki isemwe. Zamani walikuwa wengi, unawachagua. Siku hizi napiga kasia asubuhi nzima nisione kichwa. Tumewala wenyewe," alimwambia mwandishi wa habari hizi. "Lakini na wanangu nao wanataka kula, bwana."

Kwa wiki tatu amejaribu kumzoesha Somo kunasa papa, ambao hawajakatazwa. Leo anaingia ngalawani kujaribu tena. Somo anapotelea kwenye maji ya kijani, kamba inateleza vidoleni, polepole, mpaka mtu anasahau kama kuna nchi kavu.

Kisha kamba inatetemeka. Uso wa Khatib unachangamka, halafu unasawijika. Anayeibuka ni kasa, mkubwa, macho mazito kama aliyeamshwa katikati ya ndoto.

"Amri kasomewa Khatib. Somo hakusomewa," anasema, huku akimsukuma chazo mbele kidogo mpaka anaachia. Kasa anazama bila haraka yoyote. Inauma kumtazama Khatib akimtazama.

Kinachomnyima usingizi ni jambo jingine. Kwa wavuvi wa chazo, tonge la kwanza la kasa ni la chazo mwenyewe, na asiyempa amemdhulumu. Tangu amri isomwe Somo amenasa kasa wanne, na hajaonja hata mmoja. Khatib humkatia pweza, naye hula kwa shingo upande.

Mwanamwema amekwisha kupata shamba kwa kaka yake, kule Mwera. "Muhogo hauna Bwana Nyama," anasema, na safari hii hatanii.

Khatib amekubali kushika jembe. Jumatatu ataikata kamba kwa mkono wake, mbele ya ofisa, Somo aende zake baharini. Ila amemwomba karani amwandikie ombi moja: ruhusa ya kasa mmoja, wa mwisho.

Mwandishi anamuuliza kama ni kwa ajili ya watoto.

"Wanangu watakula muhogo. Nyumbani kwangu hakiingii hata kipande," anajibu, mkono wake majini, juu ya dema alimomrudisha Somo. "Somo kanilishia watoto miaka mitatu. Simwachi aondoke bila tonge lake."