Jina Letu Juu ya Picha ya Kitanda

Mama yule alifika kwetu saa nne asubuhi, akitokea stendi. Alikuwa amepanda basi la kwanza kutoka Igunga. Mimi nilikuwa kibarazani napiga msasa miguu ya stuli. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alinigeuzia simu yake na kuniuliza:

"Hiki kitanda ni chenu au si chenu?"

Nikatazama. Kilikuwa chetu. Kitanda cha mninga, ubao wa kichwani umechongwa maua na majani yanayopandana hadi juu. Picha ile niliipiga mwenyewe, mchana, chumbani kwa baba, pazia likiwa wazi. Katikati ya picha, kwa herufi nyeupe zilizofifia, palikuwa na jina la karakana yetu, na chini yake neno Tabora. Hayo maandishi pia niliyaweka mimi.

"Ni chetu," nikasema.

"Basi nipe. Mwanangu anaolewa Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Baba yangu ni fundi wa nakshi. Wazee wake walifika Tabora na misafara, wakabaki, wakachonga milango ya nyumba za wafanyabiashara. Yeye alichonga vitanda. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia, na patasi ikakaa kwenye kisanduku chake tangu hapo. Mimi tangu utotoni nilikuwa mtu wa msasa na vanishi. Kuunga mbao nilijifunza kwa kumtazama. Nakshi sikuwahi kuigusa, ilikuwa ya baba.

Vitanda vilivyokuwa vimebaki karakanani viliuzika kimoja kimoja. Kikabaki kile anacholalia yeye, alichomchongea marehemu mama. Nikakipiga picha, nikaiweka kwenye soko la mtandaoni, nikaandika chini yake: tunatengeneza kama hiki. Huo ulikuwa uongo, na niliujua nilipouandika. Nilijiambia oda ikija nitatafuta fundi mwingine. Nilikwenda mpaka Itetemia kumuulizia mmoja niliyesikia habari zake, nikaambiwa ameacha kuchonga, sasa anafyatua tofali.

Halafu mteja mmoja akanitumia picha yetu ikiwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Ilikuwa kama nimekuta mlango umevunjwa. Binamu yangu akaniambia niweke wotamaki, yaani maandishi hafifu juu ya picha, ili anayeiba aonekane. Nikayaweka pembeni, mwizi akaikata pembe. Nikayahamishia katikati, juu ya maua yenyewe. Soko likanirudishia picha: picha za bidhaa zisiwe na maandishi. Nikaihamishia kwenye makundi ya kuuza na kununua ya kwenye simu, ambako hawana masharti hayo.

Yule mwizi akaichukua na huko. Safari hii hakufuta kitu. Alifungua ukurasa kwa jina lile lile lililokuwa kwenye picha, akaweka namba yake ya simu. Nilikuwa nimemwandikia kibao cha duka.

Haya yote nilijaribu kumweleza yule mama, naye akawa anatikisa kichwa tu. Alikuwa ameuza mpunga wake wa mwaka ule na kutuma fedha zote kwa namba ile ya mwizi. Akakaa chini, kwenye vumbi la mbao.

"Nani huyo?" baba akauliza kutoka ndani.

Akatoka na fimbo, mguu ukiburuta. Yule mama alipomwona alisimama, akamwamkia kwa heshima, akamwonyesha picha. Baba aliitazama.

"Karibu ndani ukione," akamwambia.

Nilitaka kumzuia, nikashindwa. Tukaingia chumbani kwake. Yule mama akapitisha kidole kwenye maua, moja baada ya jingine, kama anayahesabu. "Ndicho," akasema. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha baba na kulia kwa sauti, hadi jirani akaja dirishani kuuliza kama kuna msiba.

Baba akanigeukia. "Ulimuuzia?"

"Hapana, baba."

"Mbona jina letu limo?"

"Niliweka mimi, ili wasituibie."

"Wasituibie nini? Kitanda si hiki hapa?"



Yule mama akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Twende polisi." Tukapanda bajaji moja, mimi na yeye, bila kusemezana. Kituoni afisa alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi.

"Kitanda ni cha nani?"

"Chetu."

"Picha nani kapiga?"

"Mimi."

"Na jina hili nani kaandika?"

"Mimi."

Akaweka kalamu chini. "Sasa wewe, dada, unachokataa ni nini?"

Nikasema namba si yangu. Akaipiga, haipatikani. Nikasema ukurasa si wangu, akaniuliza nina ushahidi gani, na ushahidi wote niliokuwa nao ulionyesha kwamba kila kitu ni changu. Nikaambiwa niwaachie simu na nisubiri. Nilikaa kwenye benchi kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Nilimfikiria baba, ambaye hawezi kujipakulia chakula kwa mkono mmoja. Nikafikiria kukiri tu, yaishe. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Aliyeniokoa ni yule mama. Katika jumbe alizotumiwa mlikuwa na moja ya sauti. Akamwomba afisa aisikilize. Ilikuwa sauti ya kijana wa kiume, anaongea haraka, anamwita "mamaangu kipenzi." Yule mama akainama mbele akasikiliza mpaka mwisho.

"Siye huyu," akasema. "Huyu binti msimshike."

Nikarudishiwa simu, tukatoka. Nje ya geti nikaona siwezi kumwacha aende akiniamini kuliko ninavyostahili. Nikamwambia ukweli: hata kama angenipata mimi tangu mwanzo, asingepata kitanda kile. Baba hachongi tena. Tangazo langu lilikuwa la uongo.



"Kumbe na wewe," akasema.

Akaondoka kwenda stendi kwa miguu. Nimepigwa maishani, nimefiwa, lakini hakuna neno lililonikalia kifuani kama hilo.

Nilipomsimulia baba, hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mbao zilizoegemea ukuta zimekauka. Jumatano na Alhamisi aliketi kwenye kiti karakanani, akinielekeza kwa mkono wa kushoto: kata hapa, chimba tundu, hapana, legeza, umeharibu, chukua nyingine. Nikatengeneza kitanda. Hakikuwa na ua hata moja. Ubao wa kichwani ulikuwa bapa kabisa, na vanishi ilikuwa bado inanata Ijumaa asubuhi tulipokipakia kwenye lori linalopita Igunga, nikiwa nimempa dereva jina na mtaa aliotaja yule mama kituoni.

Jioni yule mama akapiga simu. Namba yangu aliichukua kituoni.

"Kimefika," akasema. "Mguu mmoja unacheza."

"Nisamehe, mama. Mwambie fundi wa huko agongee kabari."

"Haya," akasema, akakata. Hatujaongea tena.

Baada ya hapo soko lilifunga ukurasa wangu, kwa sababu watu walioibiwa waliripoti jina letu na mimi ndiye niliyekuwa nalo kwanza. Niliandika malalamiko mara nne. Nilijibiwa kwa maneno yale yale kila mara. Picha zote nimezifuta kwenye simu. Siku hizi natengeneza stuli na vibao vya chapati, nakaa navyo barabarani, na anayenunua anakishika kitu kwanza.

Ukurasa wa yule mwizi bado upo. Naufungua kila wiki, najua si vizuri. Majuzi mtu wa Kahama aliuliza kama wanaleta mzigo hadi mlangoni. Nikaandika chini yake: usitume kitu, ndugu yangu, hao si sisi. Baada ya dakika chache maneno yangu yakafutwa, na yule wa Kahama akajibiwa kwa jina letu: ndiyo, tunaleta.