Zamu za Kumgeuza Mzee Blasio

Medius alikuwa mtu wa zamu. Miaka kumi na mmoja ya kulima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, kwenye kipande cha kukodi, ilimfundisha kwamba maji hayaji kwa kulia wala kwa kubembeleza. Yanakuja siku yako ikifika na saa yako ikifika, na ukichelewa lango la mfereji linafungwa, mpunga wako unabaki unakutazama. Kwa hiyo baba yake, Mzee Blasio, alipopigwa na kiharusi kule Karambi, upande wa kushoto ukafa ganzi na miguu ikakataa kumbeba, Medius hakupiga mayowe. Alitafuta kalamu.

Muuguzi wa hospitali ya Bwera alikuwa amesema jambo moja la kushika: mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama ya mgongo na makalio itaoza yeye angali hai. Basi Medius akaandika. Saa kumi na mbili asubuhi, ubavu wa kulia. Saa mbili, chali. Saa nne, ubavu wa kushoto. Karatasi ikajaa mpaka chini. Akaibandika ukutani juu ya kitanda cha baba yake, akamwelekeza wifi yake Sylivia, mke wa kaka yake, mstari kwa mstari, kisha akarudi Mubuku. Zamu yake ya maji ilikuwa keshokutwa, na aliyekodi shamba akilitelekeza msimu mmoja, msimu unaofuata analikuta lina mtu mwingine.

Na huyo kaka? Mumbere, mzaliwa wa kwanza, mwenye mji baada ya baba yake, alikuwa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, akishughulika. Ukimuuliza anashughulika na nini, anakujibu biashara. Kasindi si mbali. Mtu mwenye haja anakwenda na kurudi siku hiyohiyo na jua bado liko juu. Mumbere hakuwa na haja.

Medius akawa anamuuguza baba yake kwa simu. Msimcheke. Alijua dawa gani inaisha lini kuliko wengi wanaolala nyumba moja na mgonjwa. Asubuhi alipiga akiwa matopeni, simu imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Wifi, amegeuka?"

"Amegeuka, wifi."

"Uji?"

"Alikunywa yote."

Mchana hivyohivyo, jioni hivyohivyo. Kila Jumapili Sylivia alimtumia picha: Mzee Blasio ameegemezwa mto, ndevu zimenyolewa, shati safi la bluu, blanketi limevutwa hadi kifuani. Medius alizionyesha picha hizo kwa wanawake wenzake mferejini, akazionyesha kanisani, na wakamsifu kwamba hakuna mtoto anayejua kupanga mambo kama yeye. Alizipenda sifa hizo. Tuseme ukweli, alizipenda kupita kiasi.

Alizungumza na mzee mwenyewe pia.

"Baba, uko aje?"

"Niko tu."

"Wanakuangalia vizuri?"

"Wako wananichunga."

Simu yenyewe ilikuwa mkononi mwa Sylivia, sauti imefunguliwa nyumba nzima isikie. Mzee angesema nini?

Aliyeitia mchanga raha hiyo ni Wahabu, bodaboda wa Bwera ambaye Medius alimtumia kupeleka vitu: sabuni, nepi za watu wazima, mafuta ya kupaka, maboksi ya glavu. Mwezi wa pili wa ugonjwa ulikuwa unaishia alipompigia Medius, na kwanza akazungukazunguka, akauliza mvua, akauliza mpunga.

"Mama," akasema mwishowe, "leo nimeleta boksi ya tatu ya glavu. Ile ya kwanza iko palepale chini ya kitanda. Haijafunguliwa. Na ile nyumba inanuka, mama. Mimi ni mutu wa nje, si kazi yangu kusema. Lakini inanuka."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Medius. Aliyaacha maji yakiingia shambani bila mtu wa kuyasimamia, akapanda gari la Kasese, akaunganisha la Bwera, na Wahabu akampandisha Karambi kwa pikipiki. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia wifi yake, na hakuna hata moja lililokuwa zuri.

Alimkuta Sylivia uani anachambua maharage. Hakumsalimia. Kwetu, kumpita mtu wa nyumbani bila salamu ni sawa na kumtemea mate.

"Umemwozesha baba yangu!" alifoka, na majirani wakatoka milangoni. "Kila siku nakuuliza, kila siku unaniambia amegeuka. Amegeuzwa na nani?"

Sylivia aliweka ungo chini, taratibu, asimwage hata punje.

"Na Nobert, jirani wa hapo chini," alisema. "Anakuja asubuhi mbele ya kwenda kuchuma kahawa, na jioni akirudi. Siku ingine anakuja, siku ingine hakuji. Wifi, ule ni mukwe wangu. Mimi nitafunua shuka ya baba ya bwana yangu? Wewe ulizaliwa hapa. Hujui?"

Medius alijua, na hapo ndipo palipomchoma. Kwetu huku mlimani mkamwana hakai kwenye kiti cha baba mkwe wake, hagusi kitanda chake, na mwili wake hauoni hata kwa bahati mbaya. Atampikia, atampigia magoti, atamlisha kijiko kwa kijiko akiwa ameinamisha macho. Kumfunua, hapana. Hilo halifundishwi, mtu anakua nalo. Medius alilijua hata siku ile anabandika karatasi yake ukutani. Alijiambia tu kwamba ugonjwa unafuta mambo hayo, na hakumuuliza mtu yeyote kama ni kweli, kwa sababu angejibiwa, na akishajibiwa asingekuwa na namna ya kurudi Mubuku.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme aje? Niseme makalio ya mukwe kwa simu, na yeye iko pale anasikia? Uliuliza amegeuka, nilijibu amegeuka, sababu Nobert alimugeuza asubuhi. Kaka yako nilimwambia, arudi nyumbani. Alisema wewe umeshapanga yote." Sylivia alijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Haya, ingia. Ni baba yako wewe. Mugeuze."

Medius aliingia. Harufu ilimpokea mlangoni. Baba yake alikuwa chali, uso mkavu, macho yamemkazia. Alipasua boksi, akavaa glavu, akainama, akashika pindo la shuka.

"Wacha!" Ilikuwa sauti ya amri, ile aliyotoka nayo mgodini Kilembe enzi za ujana wake.

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo nasema wacha. Mutoto wangu mwanamke hawezi kuniona hivi. Itia Nobert."

Mkono wake wa kulia, ule uliobaki mzima, ulikuwa umelikamata shuka. Ulikuwa mkono mmoja wa mzee mgonjwa, na Medius anabeba magunia ya mpunga mgongoni. Angeweza kuuondoa. Alisimama hapo, akijua kwamba chini ya kitambaa kile baba yake anaoza, na vidole vyake vikakataa kuvuta. Ile aibu aliyomtukania wifi yake mbele ya majirani, sasa ilikuwa yake, nzima, na haikuwa ndogo hata kidogo. Aliliachia shuka.

Alipotoka, Sylivia alijisogeza kwenye benchi akampa nafasi. Wakakaa hapo wanawake wawili, mmoja wa damu na mmoja wa ndoa, wakimsubiri mwanaume wa watu arudi kutoka kwenye kahawa. Walisubiri kwa muda wa karibu saa tatu. Nobert alipofika, alifunga mlango, nao wakamsikia mzee akilia kama hawajawahi kumsikia. Kisha Nobert akatoka, akamtazama Medius, akainamisha kichwa.

"Dada, sasa mufupa inaonekana."

Kesho yake asubuhi walimpeleka hospitali. Wauguzi wakaosha kidonda, wakamtundikia dawa, wakasema wamechelewa kuletewa. Mzee Blasio alikata roho siku ya kumi na moja. Msimu wa Medius ulikuwa umeharibika, lakini hakuna aliyemuuliza habari za mpunga, wala yeye hakuzikumbuka.

Msiba ulipotangazwa, Mumbere alivuka mpaka asubuhi ileile na kufika kabla chai haijaiva. Wakaja baba wadogo, wakaja binamu wa Bwesumbu ambao Medius hakuwa amewaona tangu arusi yao, wakaja wakwe, wakaja vijana wa ukoo wenye mabega mapana. Waliojitokeza kumwosha marehemu walikuwa tisa. Chumba ni kidogo, ikabidi watatu waambiwe wasubiri nje, nao wakanuna kwamba wamenyimwa heshima.

Medius alikaa na wanawake chini ya dirisha. Aliwasikia ndani wakielekezana kwa sauti ya chini, kwa upole mkubwa. Shika bega. Polepole. Sasa upande huu. Mugeuze tena, bado mugongo. Hakuna aliyesema ana haraka, hakuna aliyesema anangojwa mahali.

Mumbere alitoka akijifuta mikono kwa taulo, macho mekundu.

"Tumemuosha muzuri sana," alimwambia dada yake.

Medius akamwambia asante, kwa kuwa watu walikuwa wanasikia.