Shemeji na Maji Yangu ya Alhamisi

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, anaongelea puani. Ukitaka kumsikia huna haja ya kwenda kwake, njoo jikoni kwangu: "Shemejiii, mambo yaeende kwa utaratiiibu." Wajukuu wakinisikia wanachungulia nje, wanadhani kaja. Zamani nilikuwa namwiga kwa kumcheka. Siku hizi namwiga kwa hasira, na hasira yenyewe tamu, siitaki iishe.

Alinifungia maji.

Huku kwetu juu, milimani, maji tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba wazee. Asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka mferejini, kila nyumba na siku yake. Siku yetu Alhamisi, tangu naolewa ni Alhamisi. Mume wangu alipofariki, shemeji ndiye mwenyekiti wa ndiva, na msibani alilia kunizidi mimi mjane. Matanga yakaisha. Alhamisi nikabeba jembe langu, nikashuka, nikakuta mfereji mkavu. Maji yote yamekwenda kwenye tangawizi yake. "Shemejiii, zamu ilikuwa ya kaka. Kaka hayupo. Wewe maji ya kunywa si unachota bombani?"

Nikabeba jembe langu, nikarudi. Mtu akinyamaza watu wanafikiri kasamehe.

Halafu mjukuu wangu wa kike, anayeuza kwenye duka la dawa Same mjini, akaja Krismasi na kichupa kinene chenye picha ya mlima. Huyu anaongea mbio kama anakimbizwa na ng'ombe: "Bibi onja hii bibi pombe kali ya miwa wanaitengeneza nyumbani kwao kihalali kabisa wana kibali na watalii wanaigombania na wewe bibi miwa si unaijua!" Nikaonja. Ikanipanda puani. Nikasema, mbona haina tangawizi? Basi, hapo ndipo nilipopotea. Sikulala vizuri tena.

Dengelua, pombe yetu ya miwa, naipika tangu msichana. Lakini hii ya kuchemsha mpaka itoke matone sikuijua hata kidogo. Huku ilikuwa kazi ya kujificha vichakani, mgambo akitokea mnatawanyika kama kuku. Mimi nilitaka yangu iwe na banda la bati, sakafu ya saruji na lebo. Na sikutaka kwa ajili ya watalii, nisiwadanganye. Nilitaka shemeji ashuke Same kununua sukari yake, aikute dukani imemkodolea macho, ina picha ya mfereji, na asiweze kuifunga.

Nikashuka Lembeni kwa fundi anikunjie bomba la shaba. Sauti yake kama debe: "Wallahi mama, humu hata jini akiingia anatoka matone! Ila sikiliza. Bomba lazima lioge maji ya baridi, na maji yawe yanatembea. Yakisimama yanapata moto, mvuke unakutoroka. Na siku ukianza pombe yenyewe, ile ya kwanza kutoka mwaga, mama, mwaga! Ile inapofusha watu."

Maji yanayotembea. Mnaona nilipokamatwa?

Nikaenda kwa shemeji. Nilimwamkia vizuri, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba Alhamisi moja tu, maana bwana wa halmashauri anakuja kukagua mtambo wangu. Bila yeye kuridhika na maji hakuna kibali, na bila kibali bomba langu la shaba la kuanikia nguo. Shemeji akafunga macho kama anaomba. "Nitafungua, shemejiii. Sisi si ni ndugu?"

Akafungua, sikatai. Kijana wa halmashauri akapanda, viatu vimejaa vumbi, anahema. "Shikamoo bibi. Sasa bibi, kwa mujibu wa taratibu, chanzo cha maji ni kipi?" Nikamwonyesha mfereji, maji yanaingia kwenye pipa yanatoka, bomba limo ndani linaoga. Nikawasha moto. Nilikuwa nachemsha maji ya tangawizi tu, kwa kujifunza. Tone la kwanza likadondoka, kijana akainama kuangalia, na mimi moyo unanidunda kama bibi harusi.

Mara maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakakata. Pipa likaanza kuchemka, bomba likakoroma, likamtemea kijana mvuke wa tangawizi usoni. Akapiga chafya mpaka miwani ikaanguka. "Bibi, hapa maji ya uhakika hayapo," akasema anafuta machozi, na akashuka zake.

Nikapanda mpaka kwenye ndiva. Nikamkuta shemeji amekaa juu ya tundu la kutolea maji, tope limemjaa mpaka magotini. "Mjane na mtambo wa pombe, shemejiii, watu watasemaje?" Nikamwambia, watasema. Nikarudi nyumbani.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Mtoto wa kiume wa shemeji akapata mchumba kule Msangeni. Kwenye ukoo wetu dengelua ya posa haipiki kila mtu, anapika mke wa kaka mkubwa. Na wakweni wakishakaa, yeye ndiye anaonja wa kwanza mbele yao, waone haina ubaya. Asipoonja, kibuyu hakigusi mdomo wa mtu na posa hakuna. Mke wa kaka mkubwa ni nani? Akaja shemeji mwenyewe, kashika kofia. "Shemejiii, yaliyopita..." Nikamwambia usiwe na shaka, baba, nitapika.

Na nilipika! Sijawahi kupika dengelua tamu vile. Nilitaka waisikie harufu.

Msangeni tukakaa, wazee wa pale wamejipanga, kibuyu kikaletwa mkononi mwangu. Nikakipeleka mdomoni. Nikakishusha chini. Nikakipeleka tena, nikakishusha. Mzee wao, babu mmoja wa sauti nzito, akasema, "Mama, mbona huonji? Kuna nini humo?" Shemeji jasho linamtoka kwenye kipara.

"Koo limekauka, baba," nikasema. "Haipiti. Kwetu nimefungiwa maji."

"Nani kakufungia?"

Nikajibu kwa sauti ya puani: "Zamu ilikuwa ya kaaaka. Kaka hayupooo." Jamaa zetu wakashindwa, wakacheka. Wa Msangeni wakamtazama shemeji, maana aliwasalimia kwa sauti hiyo hiyo mlangoni. Wakacheka na wao, mpaka mchumba mwenyewe kule ndani nikamsikia.

Shemeji akaninong'oneza, "Onja, nitakupa Alhamisi yako."

"Masikio ya kizee haya, sijasikia."

"Nitakupa Alhamisi yako."

"Kwa sauti ile ya kusomea matangazo kanisani, shemeji."

Akasimama. Akaitamka mbele ya wakweni na ya wazee wetu wa ndiva waliokuja naye: Alhamisi ni ya mjane wa kaka yake, mpaka afe. Ndipo nikanywa. Sikuonja, nilikunywa kibuyu kizima polepole, yeye amesimama bado.

Kijana wa halmashauri alirudi. Maji yalitembea kutwa nzima, akaridhika, na kibali sasa kiko njiani huko Same. Mfereji wangu unapita mlangoni kwa shemeji, na kila Alhamisi anakaa pale anauangalia unavyompita.

Juzi kajikokota mpaka kwenye bati langu. "Shemejiii, ukianza, ya kwanza kutoka utanionjesha, si ni ndugu?"

"Ya kwanza kabisa, shemeji. Hiyo ni ya kwako."

Akaondoka anafurahi. Mjukuu wangu wa Same, aliyekuja kunitembelea, akanigeukia macho yamemtoka. "Bibi! Ya kwanza si inamwagwa?"

"Naijua kazi yake," nikamwambia. "Niletee kuni."