Paa la Bati la Shangazi

Mwaka huu nilirudi nyumbani Sapiwi kwa siku chache, kama kawaida yangu, na begi sikulifungua sawasawa. Shangazi aliyenilea alikuwa na jambo moja tu kichwani. Halmashauri ilikuwa inatafuta kaya ya kupokea watalii wanaotoka Serengeti: waje kula, waone ngoma, walale. Pamba ilikuwa imemwangusha tena, na kaya hiyo alitaka iwe yake.

Afisa utalii akaja na mwenyekiti wa kijiji. Alisifu uwanja uliofagiliwa, akatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha akainua macho.

"Mama, bati wageni wanalo kwao. Wanataka msonge, nyasi juu."

Shangazi akalitazama paa lake. Bati lile lilitoka kwenye pamba ya misimu mingi. Ndipo nikadakia mimi. Nikamweleza afisa msonge wa utoto wangu, ubaridi wake mchana, harufu ya moshi, jinsi mvua ilivyoshuka juu yake bila kelele. Nilijisikia naongea vizuri.

"Ezua tu, shangazi," nikamalizia. "Msonge ndio asili yetu."

Mwenyekiti akacheka. "Huyu kakaa sana mijini, sasa anatamani kunguni."

Shangazi hakucheka, akanitazama mimi. "Baba, mvua haikupiga kelele kwa sababu ilikuwa inaingia ndani. Nilikuwa nakuburuta na ngozi yako ya kulalia, kona hadi kona. Wewe umelala."

Masikio yalinichoma.

Afisa akatafuta njia. "Basi bati libaki. Tujenge msonge pale pembeni, tutachangia nguzo na mafundi. Ila mnajua wenyewe, nyumba ya nyasi isipowashwa moto kila siku, mchwa wanaimaliza. Wageni wasipokuwepo, nani atakaa humo?"

Shangazi, mwenye magoti mabovu na shamba analolima peke yake, akaninyooshea kidole. "Si huyu hapa? Anaupenda kuliko sisi wote."

Wote watatu wakanigeukia. Begi langu lilikuwa mlangoni, na kesho yake nilikuwa na basi.

"Nitaangalia," nikasema.

Afisa akalitazama begi langu. Kisha akashukuru, akasimama, na mwenyekiti akamwelekeza kwa jirani, ambako vijana wa kukaa wapo.

Shangazi akausogeza ungo wa michembe mbele yangu.

"Mingine utie kwenye begi, baba. Safari yako ndefu."