Mpunga Chini ya Magurudumu

Juzi, kwenye gereji moja ya Mang'ula, nilisoma ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani. Ulieleza maisha ya Mwingereza wa zamani aliyeanza kwa kutengeneza baiskeli, akaja kuunda magari, akatajirika, mfalme akampa cheo. Magari yake, waliandika, yalivuka tope la Afrika bila msaada wa mtu. Damu ilinichemka.

Nilipokuwa mdogo, gari lake moja lilikwama Ifakara, mbele ya shamba letu. Nakumbuka harufu ya petroli na tope bichi, na injini ikilia kama ng'ombe anayezaa. Ndani alikaa Mzungu wa serikali, tuliyemwita Bwana Shauri. Dereva wake alikimbilia miganda yetu ya mpunga, aliyokuwa akiipanga mama.

"Mama, tunachukua hayo majani!"

"Majani? Huo ni mpunga, haujapurwa!"

"Bwana anachelewa Mahenge."

"Achelewe! Wanangu watakula matairi?"

Miganda yote ilitandikwa chini ya magurudumu. Mimi nilidhani gari lina njaa, nikafurahi kwamba limependa chakula chetu. Wanaume walisukuma, likatoka, masuke yakazama topeni.

Bwana Shauri alishuka, akalipapasa boneti, akasema kitu kwa Kiingereza.

"Anasema asante," dereva alitufasiria.

Nilimwita mama aje aitikie. Alikuwa amepiga magoti akifukua punje, wala hakuinua kichwa. Yeye alikuwa ameshaona kwamba bwana yule analishukuru gari.