Kitabu Juu ya Gunia

Watu waliomwambia Jepleting aache kuandika walikuwa wengi, na karibu wote walianza kwa upole. Mwalimu wake wa sekondari alisifu mwandiko wake kwanza, ndipo akamwambia asome upishi. Bwana mmoja wa kampuni ya vitabu, huko Nairobi, alimpa kiti na kikombe cha chai kabla ya kumweleza kwamba hakuna atakayenunua hadithi ya mwanamke mkulima wa viazi huku Olenguruone.

"Mlete huyu mwanamke Nairobi, hata kwa sura mbili tu," alimshauri. "Apate kazi, apate mwanamume mwenye gari."

Jepleting alimaliza chai, akakusanya karatasi zake. "Na viazi vyake amwachie nani?" aliuliza, akatoka.

Mimi nauza kamba, sindano na magunia matupu sokoni, na kibanda changu kinapakana na mahali anapopanga viazi vyake. Mengi ya haya niliyaona. Mengine alinieleza mwenyewe.

Aliporudi kutoka Nairobi aliuza ndama aliyepewa na mama yake, akapeleka karatasi Nakuru kwa mchapishaji wa kadi za harusi na programu za mazishi. Yule bwana alitazama ukurasa wa kwanza, akauliza kwa huruma, "Marehemu alikuwa nani wako?" Jepleting alimjibu kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba anataka vitabu.

Vilikuja kwenye maboksi, vikawekwa kwenye stoo ya viazi. Jamaa na watu wa kanisa walichukua kimoja kimoja, wakashukuru, wakaviweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Maduka ya vitabu mjini yaliuliza tu kama kitabu kiko kwenye orodha ya shule; hakikuwako, yakakikataa.

Mumewe, Kiprugut, si mtu mbaya. Ni mtu wa stoo kavu na kila kitu mahali pake. Walipokaribia kuvuna, alimwita mlangoni.

"Mama Kipruto, hawa waliochukua ni watu wako. Hata ungewapa kalenda wangeshukuru."

"Najua."

"Basi niletee mtu mmoja asiyekujua, aliyesoma mpaka mwisho. Mmoja tu. Ukikosa, maboksi yatoke na hii habari ya kuandika iishe. Viazi vitalala wapi?"

"Maboksi nitayatoa mwenyewe," Jepleting akasema. "Kuandika sikuomba ruhusa kuanza, sitaomba ruhusa kuendelea. Lakini huyo mtu nitakuletea."

Alimjibu hivyo, lakini kwangu alikiri kwamba yeye ndiye aliyemtaka mtu huyo zaidi ya Kiprugut. Kitabu kilichosomwa na jamaa peke yao, alisema, kwake kilikuwa bado barua.

Siku ya soko alipanga vitabu kando ya viazi. Wapita njia walifurahi sana.

"Mathe, hii inapikwa na chumvi ama na mafuta?"

"Inapikwa na kichwa. Kama huna, pita."

Mchana akaja Jamleck, broka wa kununua viazi kutoka Mai Mahiu. Msimu ulikuwa mbaya, viazi vilikuwa vichache, na lori lake lilikuwa halijafika nusu. Alizunguka magunia ya Jepleting mara mbili.

"Mathe, kichwa kiko wapi? Umenishonea gunia flat kama meza. Weka lumbesha tupakie."

Lumbesha ni ule mlima wa viazi unaopandishwa juu ya mdomo wa gunia na kufungwa kwa wavu. Broka hulipia gunia moja, akaondoka na gunia na nusu. Sheria inakataza, lakini sheria haiji soko letu mara nyingi, na sote tumezoea. Jepleting naye alikuwa amezoea, mpaka siku hiyo. Alichukua kitabu kimoja, akakilaza juu ya gunia la kwanza.

"Hiyo ndiyo lumbesha ya leo."

Jamleck alicheka mpaka wapakiaji wake wakasimama. "Sasa hii nikawauzie watu wa chips?"

"Mtu wa chips hasomi?"

"Mimi nilisoma nikamaliza, mathe. Hayo mambo niliachia shule. Ongeza hata debe moja."

"Nimeongeza. Iko hapo juu."

Akaondoka na hasira, akazunguka soko lote. Nilimwona akikata viazi vya watu kwa kisu na kukuta weusi ndani. Aliporudi hakucheka tena.

"Kila gunia na kitabu?"

"Kimoja kinatosha, bora kisomwe."

Alilipa, akakitupa kitabu mbele ya usukani, juu ya kitambaa kichafu cha kufutia kioo. Jepleting alilitazama lori mpaka likapotea kwenye kona, kisha akaanza kushona gunia ambalo lilikuwa limeshashonwa.

Soko lililofuata alimuuliza.

"Kile? Kiko. Mke wangu alikichukua afunikie ndoo ya mafuta."

Jepleting alirudi kupanga viazi vyake. Kesho yake aliyatoa maboksi kwenye stoo, akayapanga chini ya paa la jiko na kuyafunika kwa turubai. Kiprugut akaingiza viazi. Lakini jioni, jirani mmoja akaniambia, taa ya yule mama bado ilikuwa inawaka na kalamu inakwenda.

Tulikuwa katikati ya mavuno lori la Jamleck liliporudi. Kiprugut alikuwa amekuja kusaidia, ameshika mdomo wa gunia. Kabla lori halijasimama vizuri, mwanamke aliyevaa aproni aliruka chini, kitabu mkononi, jalada limejaa madoa ya mafuta.

"Jepleting ndiye nani hapa?"

Soko zima likanyoosha vidole.

"Ni wewe? Kwa nini Cheruto hakufungua geti?"

Nieleze kidogo. Katika kitabu hicho, Cheruto ni mwanamke ambaye kaka yake aliuza shamba la mama yao kwa siri. Anahama, anakodi kipande kingine, anaanza upya. Mwishoni kaka anakuja kuomba msamaha, naye hamfungulii.

"Mama Kipruto, huyu ni nani?" Kiprugut akauliza.

"Simjui."

"Naitwa Shiko, mke wa huyu Jamleck, nauza chips Mai Mahiu, na usinikatize, mzee." Akamgeukia tena Jepleting. "Tangu Jumapili nina hasira. Nimeunguza chips, wateja wananiuliza kama nimefiwa. Kaka amekuja na kondoo. Mvua inamnyeshea. Ameomba msamaha mbele ya watu. Si angefungua?"

"Kwa nini afungue?"

"Ni kaka yake."

"Wakati anauza shamba alikuwa nani?"

Shiko akafungua kurasa za mwisho, akazitazama, akazifunga. "Mimi wangu nilimfungulia," akasema polepole. "Na angekuja leo ningemfungulia tena."

"Hiyo ni sawa. Lakini Cheruto si wewe."

"Ongeza ukurasa mmoja tu. Hata nusu. Aende mpaka kwa geti, ashike komeo, basi."

"Hapana."

"Shiko, wachana na mathe, tupakie," Jamleck akaita kutoka kwenye lori.

"Nyamaza wewe, hata hujasoma."

Kiprugut aliachilia mdomo wa gunia. Viazi vichache vikabingirika, na yeye, mtu wa kila kitu mahali pake, hakuviokota.

"Umekisoma mpaka mwisho?" akamuuliza.

Shiko alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama moto unaunguza. "Ningekuja kugombana huku kote kama sijafika mwisho?"

Kiprugut alivuta kreti tupu, akaligeuza, akalipangusa kwa kofia yake, akamwambia mgeni akae. Shiko akakaa, akafungua kitabu pale alipokunja ukurasa. Jepleting alivuta kreti lake, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Uliza tena," alisema. "Uliza mpaka jioni. Hafungui."